Aliuza bastola ya risasi 15, akanunua rivolva ya risasi tano

SAA saba usiku, kituo cha mafuta viungani mwa Dallas, jimbo la Texas, Marekani. Mwanamke aliyevalia sare ya uuguzi anasimama kando ya gari lake akijaza mafuta. Mkono mmoja umeshika mpira wa mafuta. Wa pili umezama kwenye mfuko wa koti, na humo ndani mna bastola.

Huyo ni binti wa shangazi yangu. Tulikulia boma moja kule Kitale, tukagombania mahindi ya kuchoma na kulala kitanda kimoja watoto wanne. Leo mimi niko Nairobi nikihangaika na nauli ya matatu, yeye yuko majuu, ana mume, mtoto na leseni ya kubeba silaha. Amekubali nisimulie kisa chake mradi nisiandike jina.

"Shangazi yako hajui nina bunduki. Akisikia atafunga siku arobaini," aliniambia kwenye simu huku akicheka.

Kilichonifanya nimpigie ni posti yake ya WhatsApp. Aliweka picha ya rivolva ndogo nyeusi juu ya meza ya jikoni, kando ya kikombe cha chai, akaandika: "Nimerudi enzi za babu." Nikashangaa. Kwani si rivolva ni zile za sinema za macowboy? Nani bado anabeba hiyo kitu mwaka huu, tena kwa kujilinda?

Kumbe wapo wengi.

Tofauti yake ni gani?

Kabla hatujaendelea, tuelewane kidogo. Bastola ambayo wengi wetu tunaijua kutokana na taarifa za habari ni ya aina ya Ceska, ile ya polisi wetu. Hiyo ni nusu-otomatiki. Risasi hupangwa ndani ya kasha linaloingizwa kwenye mpini. Ukifyatua, sehemu ya juu ya bastola husukumwa nyuma kwa nguvu, hutupa nje ganda la risasi iliyotumika, kisha hurudi mbele ikiingiza risasi nyingine. Yote haya kufumba na kufumbua.

Rivolva haina hayo mambo. Risasi tano au sita hukaa kwenye silinda ya mviringo inayozunguka. Ukivuta kifyatulio, silinda huzunguka, nyundo hupiga, risasi hutoka. Risasi moja ikikataa kulipuka, unavuta tena na inayofuata inajileta yenyewe.

Samuel Colt alipata hataza ya rivolva yake nchini Marekani mwaka 1836. Mnamo 1899 kampuni ya Smith & Wesson ikatoa ile ambayo baadaye iliitwa Model 10, na kwa miongo mingi hiyo na ndugu zake ndizo zilizoning'inia viunoni mwa polisi wa Marekani.

Mambo yalianza kubadilika miaka ya themanini. Mwaka 1982 jeshi la Austria lilichagua bastola mpya ya plastiki na chuma iliyoitwa Glock 17, yenye kubeba risasi 17. Kisha Aprili 11, 1986, maafisa wa FBI walikabiliana na majambazi wawili wa benki jijini Miami. Maafisa wengi walikuwa na rivolva, ilhali jambazi mmoja alikuwa na bunduki ya masafa. Maafisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa kabla ya majambazi hao kuuawa. Baada ya siku hiyo, FBI iliamua rivolva haitoshi tena. Idara za polisi zikafuata mkondo mmoja baada ya nyingine. Polisi wa New York ndio waliojikokota zaidi, kwani rivolva za mwisho kabisa walizistaafisha mwaka 2018.

Kwa hivyo mtu akikuambia leo ameacha nusu-otomatiki akarudia rivolva, ni kama kukuambia ameuza simu ya kisasa akanunua kabambe. Lazima uulize kulikoni.

Ganda lililokwama

Dadangu alinunua bastola yake ya kwanza miaka mitatu iliyopita. Mwenzake wa kazini alikuwa ameporwa gari akitoka zamu, na mume wake akasema basi, imetosha. Texas si Kenya. Tangu Septemba 1, 2021, sheria ya jimbo hilo inamruhusu mtu mzima wa miaka 21 na zaidi, asiyezuiwa kisheria kumiliki silaha, kubeba bastola hadharani bila hata leseni. Yeye alichukua leseni hata hivyo, na akasomea.

Dukani alishauriwa kuchukua nusu-otomatiki ya risasi 15. "Niliambiwa risasi nyingi ndiyo usalama mwingi. Nikalipa," anasema.

Shida ilianza kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Kila baada ya muda ganda lilikuwa likinasa mlangoni badala ya kuruka nje, na bastola inagoma. Mwalimu akamweleza kuwa kosa si la bastola. Bastola za aina hiyo hutumia nguvu ya mshtuko kujiendesha, na zinahitaji mkono ulioshika imara. Kifundo cha mkono kikilegea, nguvu nyingine inapotea na mzunguko haukamiliki.

Sasa huyu ni muuguzi. Kwa miaka tisa amekuwa akigeuza na kuinua wagonjwa vitandani, na viganja vyake vimechoka. Hata kuvuta sehemu ya juu nyuma ili kuingiza risasi ya kwanza kulikuwa kazi. Kuna asubuhi alikuwa akitoka kazini vidole vimekufa ganzi.

"Niliwaza, nikivamiwa saa nane usiku nimechoka hivi, halafu ganda linase? Mwalimu alinifundisha kulitoa. Gonga, vuta, endelea. Lakini nikiwa natetemeka nitakumbuka hayo yote kweli?"

Mkoba na mtoto

Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Ya pili ana miaka miwili na anapenda kupekua mikoba.

Desemba 30, 2014, katika duka la Walmart mjini Hayden, jimbo la Idaho, mama mmoja kijana alikuwa akifanya manunuzi na mwanawe wa miaka miwili akiwa ameketi kwenye toroli. Bastola ya mama ilikuwa ndani ya mkoba. Mkoba wenyewe ulikuwa umetengenezwa maalum kwa kubebea silaha, wenye mfuko wa zipu. Mtoto aliingiza mkono, bastola ikafyatuka, mama akafa papo hapo.

Dadangu alisoma kisa hicho usiku mmoja akinyonyesha. Hakulala.

Hapa ndipo kuna tofauti ambayo wengi hawaijui. Kifyatulio cha Glock ya kawaida huhitaji nguvu ya takriban kilo mbili na nusu kukivuta, tena kwa mwendo mfupi. Rivolva ndogo ambayo nyundo yake haijavutwa nyuma huhitaji kilo nne na nusu hadi tano na nusu, na mwendo wake ni mrefu. Ni mzigo wa kweli kwenye kidole.

Polisi wa New York waliijua tofauti hiyo vizuri. Walipoanza kuhama kutoka rivolva mwaka 1993, waliagiza bastola zao mpya ziwekewe kifyatulio kizito cha kama kilo tano na nusu, wakihofia kwamba afisa aliyezoea rivolva angefyatua bila kukusudia.

Ila usije ukadhani uzito huo ni kufuli. "Mtoto anaweza kutumia vidole viwili, anaweza kutumia vidole gumba. Kifyatulio kizito hakilei mtoto," anasema dadangu. Ndiyo maana aliacha kabisa kuweka bastola mkobani. Sasa inakaa mwilini mwake, ndani ya ala inayofunika kifyatulio chote. Silaha hairuhusiwi ndani ya hospitali, kwa hivyo akiwa kazini inabaki kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa garini. Nyumbani ina kisanduku kingine. Funguo anazo yeye na mume wake tu.

Kuna jambo la tatu ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Kwa nusu-otomatiki unaweza kutoa kasha lote la risasi na bado ikabaki risasi moja ndani ya chemba. Watu wameuana hivyo, kila mmoja akiapa kwamba bunduki ilikuwa tupu. Rivolva unaifungua silinda, unaona mashimo matano. Yana kitu au hayana. Kwa mtu aliyetoka zamu ya saa kumi na mbili, hiyo si starehe, ni uhai.

Si dawa ya kila kitu

Nilimuuliza mume wake anaonaje. Alicheka kwa uchungu. Yeye bado ni wa nusu-otomatiki, na hoja zake si za kupuuzwa.

Kwanza, idadi. Mwaka 2018 kampuni ya SIG Sauer ilizindua P365, bastola inayotosha kiganjani lakini inabeba risasi kumi. Rivolva ya ukubwa huo ina tano. Pili, kuijaza upya. Kasha jipya linaingia kwa sekunde chache, ilhali silinda ya rivolva inataka ufungue, umwage maganda, kisha ujaze, hata ukiwa na kile kifaa cha kuingiza zote kwa mpigo. Tatu, huo uzito wa kifyatulio unaoleta usalama ndio huohuo unaotikisa mkono na kupeleka risasi pembeni. Na risasi iliyoenda pembeni haipotei hewani, inampata mtu.

Kisha kuna mateke. Rivolva nyepesi zina uzani wa chini ya nusu kilo, na hakuna sehemu inayosonga kupunguza mshtuko. Dadangu anasema siku ya kwanza alipiga risasi ishirini kiganja kikawaka moto. Watu wengi hununua rivolva ndogo wakidhani ni ya wasiojua, kumbe ni ngumu zaidi kulenga.

Na ule usemi kwamba rivolva haikwami? Si kweli kabisa. Uchafu ukiingia chini ya kile kinyota kinachosukuma maganda, silinda inaweza kukataa kuzunguka. Katika zile nyepesi mno, mshtuko unaweza hata kuchomoa kichwa cha risasi kutoka kwenye ganda lake na kufunga silinda. Nusu-otomatiki ikikwama unaweza kuikwamua hapo hapo. Rivolva ikikwama, mara nyingi inataka fundi.

"Kwa hivyo ni nani amesema kweli?" niliuliza.

"Sote," mume akajibu. "Yeye anajua mikono yake. Mimi najua yangu."

Na huku nyumbani?

Najua kuna msee anasoma hii akijiambia siku moja ataenda majuu naye anunue yake. Pole pole. Sheria ya kitaifa ya Marekani humzuia mtu aliyeingia kwa viza ya muda, wakiwemo wanafunzi, kumiliki bunduki, isipokuwa kwa masharti machache. Ukikamatwa nayo huo ni mwisho wa masomo na pengine wa kuishi huko.

Hapa Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ni kali zaidi. Raia hamiliki bunduki bila cheti kutoka Bodi ya Leseni za Silaha, na lazima aonyeshe sababu na tabia njema. Kuwa na bastola isiyo na kibali ni jinai, iwe rivolva ya babu au Ceska mpya.

Na kabla ya kuwaonea wivu, tazama takwimu zao. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani. Zaidi ya nusu yao, watu 26,328, hawakuuawa na jambazi. Walijiua. Bunduki inayonunuliwa kumzuia mwizi hulala chumba kimoja na huzuni ya mwenye nyumba. Dadangu ameona miili hiyo kazini. Ndiyo maana yeye na mume wake wana mkataba: mmoja akiingia katika kipindi kigumu cha mawazo, mwingine anachukua funguo zote, bila mjadala.

Sekunde moja

Turudi kituo cha mafuta. Usiku ule, mwanamume alitokea gizani akitembea haraka kumwelekea. Kofia imeshushwa machoni. Dadangu alimwambia asimame. Hakusimama. Mkono ukakaza kwenye mpini ndani ya mfuko, kidole kikiwa nje ya kifyatulio jinsi alivyofunzwa, lakini moyo ukiwa tayari umevuka.

"Nilianza kusogeza kidole. Naapa nilianza," ananiambia, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuongea, hacheki.

Mwanamume akatoa spika za masikioni. Hakuwa amesikia chochote. Betri ya gari lake ilikuwa imekufa, alikuwa akitafuta mtu mwenye nyaya za kuliwashia.

Nyaya alikuwa nazo. Walisimama hapo dakika kumi, gari likanguruma, jamaa akashukuru akaenda zake. Hakujua.

"Watu huniuliza kwa nini nilichukua ya risasi tano," anasema. "Huwa nawaambia ni viganja, ni mtoto. Hiyo ni kweli. Lakini usiku ule ndio nilielewa. Ile nguvu ya kuvuta, ule mwendo mrefu, ni sekunde moja hivi. Niliihitaji."

Nikamuuliza kama sasa anajihisi salama zaidi.

Alinyamaza. Kwa mbali nikasikia mtoto akilia na mlango ukifunguliwa.

"Ngoja nikuite baadaye," akasema. "Na tafadhali, usimwambie mama."