Nyumba ya Shamba: Kweli au Uzushi?

Ikifika Jumamosi asubuhi, Barabara ya Morogoro hujaa watu wa Dar es Salaam wanaokwenda "shamba". Wengine wanaishia Kibaha Mjini, wengine wanasogea hadi Mlandizi, na wanaoshika njia ya Pugu badala yake wanaelekea Kisarawe, Masaki mpaka Maneromango. Shamba lenyewe mara nyingi ni ekari mbili tatu za mikorosho na mihogo, pamoja na nyumba ya vyumba viwili ya kupumzikia. Juu ya bati kuna paneli za sola, pembeni simtanki, jikoni mtungi wa gesi, stoo jenereta. Jumapili jioni kufuli linafungwa, na hakuna anayegusa chochote kwa wiki mbili, wakati mwingine kwa miezi miwili.

Uingereza kuna watu wenye shida hiyohiyo majini. Wanamiliki mashua nyembamba za mifereji, upana wake mita 2 na kidogo, na wengi wao huzitumia wakati wa mapumziko tu. Ndani mna betri za volti 12, tangi la maji, gesi ya mtungi na jiko la kuni. Ukimsikiliza mwenye mashua na mwenye shamba la Kibaha wakilalamika, utadhani wamenunua vitu duka moja. Vifaa vya namna hii haviuawi na matumizi. Vinauawa na kuachwa. Imani nyingi zinazozunguka kuhusu utunzaji wake zimekosea hapo.

"Betri ni betri, ya gari inatosha."

Uzushi. Betri ya gari ina bamba nyembamba nyingi, zimetengenezwa ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ichajiwe palepale. Ukiifungia taa na televisheni usiku kucha, unaifanyisha kazi isiyo yake, na baada ya kuishiwa mara kadhaa haisimami tena. Betri ya sola ina bamba nene zinazovumilia kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi.

Lakini hata hiyo ya sola ina mpaka wake. Betri ya ampea-saa 100 na volti 12 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Kama ni ya asidi, usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Taa tano za wati 5 kwa saa tano zinakula 125, televisheni ya wati 50 kwa saa nne inakula 200, na hapo bado hujachaji simu za wageni. Birika la umeme la wati 2,000 linavuta zaidi ya ampea 160 kutoka kwenye betri hiyo. Waya wa taa ulionunuliwa Kariakoo kwa bei ya chini utaungua kabla maji hayajachemka.

"Nikiiacha imejaa, nitaikuta imejaa."

Hii ndiyo imewapotezea watu fedha nyingi kuliko zote. Inveta ikiachwa imewashwa inakula umeme hata kama hakuna kilichochomekwa. Chukua inayokula wati 10 bila kazi: kwa siku ni wati-saa 240. Siku za jua paneli zinarudisha. Masika ikianza, mawingu yakakaa siku nne mfululizo na jani la mkorosho likaganda juu ya paneli, ile nusu yako ya betri imekwisha na wewe uko Mbezi unaangalia mpira.

Kuisha si tatizo kubwa. Tatizo ni kukaa ikiwa imeisha. Mpelekee fundi betri iliyoachwa hivyo, kama ni ya kufunguliwa vizibo: atamulika tochi kwenye tundu, na badala ya bamba za rangi ya kahawia na kijivu ataona ukoko mweupe kama chumvi iliyokaukia ukingoni mwa sufuria. Ni salfati ya risasi. Ikikaa wiki chache inakuwa ngumu na chaji haiingii tena. Utaambiwa, "Mzee, hii imekwenda," na hata miaka miwili haijamaliza.

Kwa hiyo zima inveta kwa swichi yake, usiishie kuchomoa vifaa. Lakini usifanye kosa la upande wa pili, la kukata kila kitu pamoja na paneli. Acha paneli na kontrola ya chaji viendelee kuilisha betri, kwa sababu betri ya asidi hupungua yenyewe hata ikiwa haijaunganishwa popote, na joto la Pwani huharakisha. Siku ukilazimika kufungua nyaya, anza na za paneli, betri iwe ya mwisho. Ukirudisha, betri iwe ya kwanza. Kontrola nyingi zimeungua kwa kupuuza mpangilio huo. Nunua pia kipimo cha volti. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma kama 12.7, ikisoma 12.2 iko nusu. Namba hizo mbili mwandikie kijana anayekuangalizia shamba, ubandike ukutani.

"Maji yakipungua, ongeza asidi ipate nguvu."

Uzushi mtupu. Kinachopotea wakati wa kuchaji ni maji, asidi inabaki. Ukiongeza asidi unaifanya iwe kali kupita kiasi na bamba zinaliwa. Weka maji yaliyotoneshwa tu, yale ya chupa yasiyo na asidi, tena baada ya betri kujaa, yafunike bamba. Maji ya kisima usiyaguse. Visima vingi vya ukanda huu vina chumvi, na chumvi ndani ya betri ni sumu.

"Betri ikiwekwa sakafuni, saruji inainyonya."

Uzushi, ingawa wazee wetu hawakuutunga. Zamani makasha ya betri yalikuwa ya mbao, na unyevu wa sakafu ulipitisha umeme kidogo. Makasha ya leo ni ya plastiki. Iweke juu ya ubao kama inakupa amani, haidhuru.

"Jua likiwa kali zaidi, umeme ni mwingi zaidi."

Nusu kweli. Mwanga ndio unaozaa umeme, joto linaupunguza. Paneli ya kawaida hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja inayozidi 25, na juu ya bati la Kibaha saa nane mchana inazidi sana. Ndiyo maana fundi mzuri haibandiki paneli kwenye bati. Anaacha nafasi ya hewa kupita chini yake.

Kuna wanaoielekeza mashariki kwa hoja kwamba ndiko jua linakochomoza. Watapata chai ya asubuhi tu. Kibaha na Kisarawe ziko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini mapema Machi na tena mapema Oktoba, na Juni linakuwa kaskazini kwetu. Elekeza paneli kaskazini, uinamishe kidogo, kama nyuzi 10 hadi 15, ili mvua iteleze na vumbi. Halafu panda ngazi ukate tawi la mkorosho. Kivuli cha tawi moja kwenye pembe ya paneli kinaweza kuangusha umeme wa paneli nzima, maana seli zake zimefungwa kwa mfululizo, na moja ikizibwa inazibana nyingine.

"Simtanki ikifungwa, maji ni salama hata ukikaa mwezi."

Hapa naomba tusimame kidogo. Watu wa ukanda huu wanayajua maji. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu uko Mlandizi, unazalisha lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini, Bagamoyo, lita milioni 270. Hata hivyo Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao. Tangu hapo kila mwenye shamba anataka tangi la pili, na pipa la maji ya mvua. Wazo ni zuri. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, hivyo paa la mita za mraba 60 likipata milimita 20 linakupa zaidi ya lita 1,000 hata baada ya kumwaga yale ya mwanzo yenye vumbi na kinyesi cha ndege.

Ubaya uko kwenye mfuniko. Mbu anahitaji siku kama saba hadi kumi kutoka yai hadi kuruka, na wewe unaondoka kumi na nne. Tena yule wa dengi, iliyotusumbua 2014 na 2019, anapenda maji masafi ya kwenye mapipa kuliko madimbwi. Mayai yake hugandia ukutani mwa pipa na kustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi, pipa lisuguliwe. Mfuniko ukae sawasawa na bomba la kufurikia lifungwe wavu.

Na mafuta ya taa? Wako wanaomimina kidogo juu ya maji. Viluwiluwi vitakufa kweli, na maji nayo hayatafaa kwa kitu. Kichekesho ni kwamba kiwanda cha dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba na kuzinduliwa 2015, kiko hapohapo Kibaha. Ulizia dawa ya aina hiyo kwa afisa afya wa kata kabla ya kuinua kidumu cha mafuta.

Jambo moja kuhusu msingi, kwa kuwa naona mawe matatu matatu chini ya matangi: tangi la lita 2,000 likijaa lina tani mbili. Linataka jukwaa tambarare linaloshika kitako chote.

"Gesi hupanda juu, ukifungua dirisha inatoka."

Uzushi, na wa hatari. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mbili. Ikivuja inatambaa sakafuni, inajaa kwenye kona na chini ya kabati, inangoja kiberiti. Watengenezaji wa zile mashua za Uingereza wanalijua hilo: mtungi unakaa kwenye chumba chake cha pekee, kimetengwa na sehemu ya kulala, na chini kina tundu la kumwaga gesi nje ya mashua. Nyumba ya shamba haihitaji ufundi wote huo. Toa mtungi nje, uujengee kizimba chenye matundu chini, upitishe mpira ukutani. Usiulaze hata gesi ikikaribia kuisha, kwani gesi ya maji ikiingia kwenye regyuleta moto unaruka. Kila unaporudi pitisha povu la sabuni kwenye maungio na urefu wote wa mpira kabla ya kuwasha, maana panya wa stoo nao walikuwa na wiki mbili zao.

"Jenereta ni la dharura, halina haja ya kuwashwa."

Uzushi. Petroli ikikaa miezi kwenye kabureta inageuka utando unaonata na kuziba vitundu. Dharura ikifika utavuta kamba mpaka bega liume. Liwashe kila mwezi lifanye kazi yenye mzigo, au funga mafuta na uliache lizime lenyewe.

"Mkaa ukishakolea hauna madhara."

Nimeiacha hii mwisho kwa makusudi, kwani nyingi ya zilizotangulia zinakula fedha na hii inakula watu. Mvua ya usiku Kisarawe, watoto wanasikia baridi, mtu anaingiza jiko chumbani baada ya nyama kuiva. Moshi umekwisha, makaa ni mekundu, hatari iko wapi? Iko hapohapo. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, mtu anadhani ni uchovu wa safari, anajilaza. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga. Jenereta kwenye chumba cha pembeni linafanya vilevile.

Kwenye mashua za Uingereza hewa hii imeua watu wa kutosha kiasi kwamba tangu 2019 ukaguzi wa usalama unadai kengele ya kuigundua ndani ya mashua zenye sehemu ya kulala. Kengele hizo zipo na hazina ukubwa wa kuzidi kiganja, lakini sisi tunaweza kuanza na kisicho na gharama. Jiko libaki nje usiku kucha, hata mvua ikilizima. Wageni wakisikia baridi, wape mablanketi.