Kutu Ilindayo Bunduki

Watu wengi hudhani ya kwamba weusi wa mtutu wa bunduki ya kuwindia umepakwa kama rangi ya mlango. Sivyo. Katika bunduki bora za mafundi wa London, weusi huo hutokana na kutu yenyewe. Mtutu husuguliwa ukawa laini, hupakwa dawa kali, kisha huwekwa penye unyevu hata ushike kutu nyekundu. Halafu huchemshwa katika maji safi, na ile kutu hugeuka kuwa nyeusi. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi kwa siku kadhaa. Hata hivyo, mwenye bunduki akiacha kuupaka mafuta, chuma kitalika, hasa karibu na bahari.

Kitako nacho kina mambo yake. Mti upendwao ni mjozi, ambao mbao zake hukaushwa kwa miaka kabla ya kuchongwa, kisha husuguliwa mafuta ya kitani. Ubao mbichi hupinda ukausukuma mtutu, na risasi ikaenda kando ya shabaha. Naye akabiliye nyati aliyejeruhiwa hawezi kulivumilia kosa hilo. Vitako vya siku hizi vya nyuzi za kioo havivimbi kwa mvua, japo uzuri wa mjozi havina.