Gari la Petroli na Umeme: Hesabu ya Mnunuzi wa Kigali



Tangu mwezi Julai mwaka 2025, mtu anayeingiza nchini Rwanda gari la haibridi, yaani gari linalokwenda kwa petroli na umeme kwa pamoja, hana tena ile nafuu ya kodi aliyokuwa akiifurahia. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 umerudi, na juu yake umewekwa ushuru wa bidhaa unaopimwa kwa umri wa gari: asilimia 5 kwa gari changa, asilimia 10 kwa lililokwisha kutumika miaka kadhaa, na asilimia 15 kwa gari kuukuu. Magari ya umeme mtupu yalibakiziwa nafuu yake. Kwa kuwa wengi miongoni mwenu mnafikiria kununua gari kwa mkopo, na kwa kuwa mkopo hukatwa katika mshahara miaka mingi baada ya furaha ya gari jipya kwisha, ni vyema hesabu hii ifanywe waziwazi kabla ya sahihi kutiwa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana gereji na mitaani. Haibridi ya kawaida haina plagi. Umeme wake huutengeneza yenyewe, kwa injini yake na kwa nguvu inayopatikana breki zinapokanyagwa. Toyota Prius ya mwaka 1997 ilikuwa ya namna hiyo, na nyingi ya haibridi zinazoonekana Kigali ni za ukoo huo. Haibridi yenye plagi ni kitu kingine. Betri yake ni kubwa mara kadhaa, nayo huchomekwa ukutani usiku kama simu. Asubuhi gari huondoka kwa umeme mtupu, na injini ya petroli huamka betri inapokaribia kwisha au dereva anapodai nguvu nyingi. Kampuni ya BYD ya China iliuza gari la aina hiyo tangu Desemba 2008, na Mitsubishi ikafuata na Outlander yake mwaka 2013. Outlander hiyo ya mwanzo ilikuwa na betri ya kilowati-saa 12, nayo imekwisha kuuzwa Kigali. Kwa hiyo tuitumie kama kipimo chetu.

Betri ya ukubwa huo, katika matumizi ya kweli, hufikisha gari kiasi cha kilomita 40. Kiwandani husemwa zaidi, lakini kiwanda hakipandi kutoka Nyabugogo kwenda Kacyiru na abiria watano ndani. Mji wa Kigali umejengwa juu ya vilima, na kilima kina tabia mbili kwa gari la namna hii. Kukipanda hula betri haraka sana. Kukiteremka huirudishia betri sehemu ya ilichokula, kwa kuwa mota hugeuka dinamo. Sehemu tu, si yote. Na hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalitaji: anayeishi juu ya kilima kama Rebero, akalijaza gari lake usiku mpaka pomoni, asubuhi anaanza safari kwa kuteremka na betri haina nafasi ya kupokea kitu. Umeme ule wa bure hupotea. Mtu huyo afadhali asijaze betri mpaka mwisho.

Sasa tuje kwenye faranga. Tuseme askari anakaa nyumba yake mwenyewe mjini, naye huenda kilomita 40 kwa siku, kwenda kazini na kurudi pamoja na shughuli za nyumbani. Kujaza betri huhitaji kama uniti 11 kutoka ukutani, maana nyingine hupotea kuwa joto. Bei ya umeme wa nyumbani iliyowekwa na RURA Januari 2020 ilikuwa faranga 89 kwa uniti 15 za kwanza za mwezi, 212 mpaka uniti ya 50, na 249 kwa zinazozidi, kodi ya ongezeko la thamani bado. Oktoba 2025 bei zilipandishwa. Ili tusijipendelee, tukadirie faranga 450 kwa uniti, kodi ikiwa ndani. Msishangae kwamba tunachukua daraja la juu. Familia iliyokuwa ikitumia uniti 40 kwa mwezi, ikianza kulisha gari uniti 11 kila usiku wa kazi, itafika uniti 300 na zaidi. Gari lote, isipokuwa tone la mwanzo, linalipiwa kwa bei ya mtumiaji mkubwa.

Uniti 11 kwa faranga 450 ni faranga 4,950 kwa kilomita 40. Gari la petroli la ukubwa uleule, katika milima na foleni zetu, tuliwekee lita 10 kwa kilomita 100. Basi kwa kilomita 40 litakunywa lita 4. Mwezi Julai 2025 bei ya petroli Kigali ilifika faranga 1,800 kwa lita, nasi tutaishika hiyo. Lita 4 ni faranga 7,200. Aliyechomeka ameokoa faranga 2,250 kwa siku, na kwa siku 300 za mwaka ameokoa faranga 675,000. Si haba.

Lakini tusikimbilie kushangilia. Haibridi ya kawaida, isiyo na plagi, tukiipa lita 6 na nusu kwa kilomita 100, itatumia lita 2.6 kwa safari ileile, yaani faranga 4,680. Ni pungufu kidogo kuliko umeme wa yule aliyechomeka! Kwa bei hizi, basi, plagi haimwongezei mwenye gari faida yoyote ya mfukoni juu ya haibridi ya kawaida, ambayo betri yake ni ndogo na mafundi wameizoea zaidi. Kwa bei ya umeme ya mwaka 2020, uniti 11 zingegharimu faranga 3,200 na ushei pamoja na kodi, na hesabu ingeelekea kwingine. Kwa hiyo yeyote anayejiandaa kununua atazame bei mbili siku hiyohiyo, ya uniti na ya lita, kisha arudie hesabu hii kwa kalamu yake. Ikiwa petroli itapanda na umeme ukatulia, plagi itashinda.

Kuhusu bei ya kununulia, Rwanda ina shida yake ya pekee. Jirani zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo magari yaliyotumika Japani, yenye usukani wa kulia, humiminika kwao kwa meli. Sisi tunaendesha upande wa kulia, na tangu mwaka 2005 magari madogo yenye usukani wa kulia hayaruhusiwi kuingizwa. Mnyarwanda anayetaka gari la plagi lililotumika hulazimika kulitafuta Ulaya, Korea, Amerika ya Kaskazini au nchi za Ghuba, kisha alilipie safari ndefu ya barabara kutoka Mombasa au Dar es Salaam. Soko ni dogo, na vipuri vyake ni vichache vilevile. Na anayenunua la Ghuba aulize sana, kwani betri za lithiamu huchakaa upesi katika joto kali. Hali ya hewa ya Kigali ni rafiki wa betri, lakini haiwezi kuifufua iliyokwisha kuungua Dubai kwa majira saba ya kiangazi.

Gari la petroli nalo hulipa ushuru wa forodha, kwa hiyo ushuru peke yake si hoja. Hoja ni kwamba zamani nafuu ya kodi, iliyoanza na mpango uliopitishwa na Baraza la Mawaziri Aprili 2021, ilifidia ughali wa gari la plagi tangu dukani. Sasa ughali huo unabaki na mnunuzi, nao lazima ulipwe na petroli inayookolewa. Ikiwa gari la plagi linazidi la petroli kwa faranga 5,000,000, akiba yetu ya faranga 675,000 kwa mwaka italifidia kwa miaka saba na miezi kadhaa, bila kuhesabu riba. Askari anayekopa Zigama CSS, chama cha akiba na mikopo cha vyombo vyetu, anajua kwamba riba haisahau siku hata moja. Na katika miaka hiyo saba betri nayo inazeeka. Asiulize bei ya betri siku itakapokufa. Aiulize kwa muuzaji kabla ya kununua, kwa maandishi, pamoja na idadi ya miaka na kilomita za dhamana.

Linabaki swali ambalo kwa askari ni kubwa kuliko kwa raia: utalichomeka wapi? Kwa soketi ya kawaida ya nyumbani, kujaza uniti 11 huchukua kama saa tano, kwa mzigo ulio sawa na pasi mbili zinazofanya kazi bila kupumzika. Nyaya za nyumba nyingi za kupanga hazikuwekwa kwa kazi hiyo. Soketi ikipata joto mpaka mkono ukaisikia, hiyo ni ishara ya moto, si ishara ya nguvu. Inafaa fundi aweke waya wake peke yake kutoka kwenye mita, wenye ardhi na kikatio, na waya wa kuongezea wa kuzungusha dirishani usitumike kamwe. Aliyepanga nyumba na wenzake watatu juu ya mita moja ya Cash Power ajiandae kwa ugomvi. Anayekaa kambini hana soketi ya gari lake, wala hawezi kudai serikali imlipie umeme wa kutembelea. Naye aliyehamishiwa Rusizi au Nyagatare, ambaye gari lake ni la kumfikisha nyumbani mwisho wa mwezi, atatumia umeme kwa kilomita 40 za kwanza na petroli kwa zote zilizobaki. Kwenye barabara ya Musanze, mtu anayeondoka mjini na betri iliyojaa hatafika mbali baada ya mlima wa Shyorongi kabla injini haijaingia kazini. Kutoka hapo anabeba betri nzito kama mzigo.

Ulaya wamekwisha kuliona hilo. Taarifa ya Kamisheni ya Ulaya ya Machi 2024, iliyopima magari yaliyosajiliwa mwaka 2021 kwa vipimo vilivyomo ndani ya magari yenyewe, ilionyesha kwamba haibridi zenye plagi zilitumia karibu lita 6 za petroli kwa kilomita 100, mara 3 na nusu ya kiasi kilichoandikwa maabara. Magari hayakuwa na kasoro. Wenyewe hawakuyachomeka vya kutosha, hasa wale ambao petroli yao hulipwa na mwajiri. Mkuu wa idara anayefikiria kuagiza magari ya aina hii kwa matumizi ya ofisi aisome habari hiyo mara mbili.

Kwa taifa, umeme una faida ambayo haionekani katika pochi ya mtu mmoja. Kila lita ya petroli tunayoitumia hununuliwa kwa fedha za kigeni na kuvutwa na malori zaidi ya kilomita 1,400 kutoka pwani. Umeme wetu kwa sehemu kubwa hutoka katika mito yetu, katika nyasi-tope, na katika gesi ya Ziwa Kivu, ambako mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 ulianza kazi takriban miaka kumi iliyopita. Ndiyo maana pikipiki za teksi za umeme zimepewa kipaumbele, hata tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli zisisajiliwe kwa kazi hiyo Kigali. Pikipiki huzunguka mchana kutwa na kubadilisha betri kituoni. Kila kilomita yake ni ya umeme. Gari la plagi limesimama katikati, na faida yake kwa taifa inategemea mwenyewe kukumbuka kulichomeka.

Hivyo, kwa maoni yetu, gari hili linamfaa askari mwenye nyumba yake mjini, mwenye soketi salama, ambaye safari zake za kila siku hazizidi kilomita 40, na ambaye mara mojamoja huenda Huye au Rubavu na hataki kuhofia kukosa umeme njiani. Wengine watafute haibridi ya kawaida, au waendelee na gari walilo nalo.

Mwisho, neno kwa polisi wa usalama barabarani na kikosi cha zimamoto, wawe na magari haya au wasiwe nayo. Gari la plagi likigongwa, ukimya wake usiwadanganye kwamba limezimwa. Laweza kuruka mbele kanyagio likiguswa. Wekeni vigingi magurudumuni, zimeni swichi, na pelekeni ufunguo mbali. Nyaya nene za rangi ya machungwa zinabeba umeme wa mamia ya volti, na hazikatwi kwa msumeno wala koleo wakati wa kumtoa majeruhi. Betri ikishika moto huhitaji maji mengi kwa muda mrefu, na yaweza kuwaka tena saa nyingi baadaye, hata kesho yake. Gari kama hilo likivutwa kituoni lisiwekwe chini ya paa wala katikati ya magari mengine ya vielelezo, bali uwanjani, mahali peupe, na mlinzi wa zamu aambiwe sababu yake.