Riwaya, chaki na jembe: Hesabu ya mtunzi mwenye familia

MWALIMU wa Kemambo, wilayani Tarime, akimaliza kusahihisha madaftari, nyumbani anakuta mahindi yanasubiri palizi, ng'ombe hawajanywa maji na mtoto anadai sare. Hadithi za kuandika anazo, kwani mahali penye dhahabu hapakosi visa. Kinachokosekana ni muda.

Wapo wanaoamini kuwa anayetaka kutunga riwaya za upelelezi ni lazima kwanza aache kazi. Historia ya watunzi wa Tanzania inaonyesha kinyume chake.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, muasisi wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, alianza kazi akiwa mkaguzi wa afya, kisha akaingia kwenye uandishi wa habari. Mwaka 1958 alikuwa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, akabaki hapo hadi alipostaafu mwaka 1968. Mchana alihariri habari za mashamba, huku Bwana Msa, mpelelezi wake mwenye kiko, akiendelea kufumbua mafumbo vitabuni.

Tarehe za vitabu vyake ni somo tosha. Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka mwaka 1960 na Kisima cha Giningi mwaka 1968. Baada ya kustaafu, vilitoka vinne mfululizo, kimoja kila mwaka, kuanzia 1973 hadi 1976. Kwa maneno mengine, ajira ilipunguza mwendo, lakini haikumzuia kufika.

Elvis Musiba naye, aliyewafanya vijana wengi wakeshe na visa vya Willy Gamba katika Kufa na Kupona na Njama, alikuwa mfanyabiashara. Aliwahi kuongoza Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo Tanzania (TCCIA). Alifariki dunia mwaka 2010.

Profesa na riwaya nne

Kwa upande wa vyuo vikuu, mfano ulio karibu ni marehemu Profesa Seithy Chachage wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hakuwa mtunzi wa upelelezi kama hao wawili, lakini alibeba mizigo mitatu kwa pamoja: kufundisha sosholojia, kutunga na kulea.

Riwaya zake ni Sudi ya Yohana (1981), Kivuli (1984), Almasi za Bandia (1991) na Makuadi wa Soko Huria (2002). Ukihesabu, nafasi kati ya kitabu na kitabu ni miaka 3, kisha 7, kisha 11. Hata hivyo, kalamu hakuiweka chini. Kazi ya mchana ilimpa pia malighafi, kwani uchumi wa soko huria alioutafiti, ikiwemo sekta ya madini, ndio ulioingia katika riwaya yake ya mwisho. Alifariki mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 51. Mwanawe Chambi ni mwanahistoria na mwandishi, na binti yake Rehema ni msanii.

Ukurasa mmoja kwa usiku

Kwa mzazi mwenye kazi, hesabu si ngumu. Ukurasa mmoja kwa usiku, siku 5 kwa wiki, ni kurasa 5. Akiacha wiki 12 za kulima, kuvuna na mitihani, zinabaki wiki 40, yaani kurasa 200. Hicho ni kitabu kizima, na mshahara haujaguswa.

Jambo la kuepuka ni kukopa muda wa watoto bila kuwaambia. Saa ya kuandika ikijulikana na kila mtu nyumbani, na saa ya familia nayo ikaheshimiwa, ugomvi hupungua.

Mrabaha ni urithi

Neno mrabaha si geni kwa wakazi wa maeneo ya migodi. Mtunzi naye anao wake, yaani sehemu ya mauzo ya kila nakala. Anayeuza muswada moja kwa moja kwa sababu ya shida ya siku moja ni sawa na anayeuza ng'ombe pamoja na ndama wake wote watakaozaliwa, kwa bei ya lita chache za maziwa.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa kazi ya mtunzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake ni kwamba kurasa za usiku zinaweza kuwanufaisha watoto wale wale walionyimwa saa moja ya baba au mama, mradi mkataba usomwe kabla ya kutiwa saini na nakala yake itunzwe pamoja na hati za shamba.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mtunzi mwenye chaki, jembe na watoto, haba hiyo ni ukurasa wa leo usiku.