Ala ipi ni rahisi kujifunza? Kinanda, ngoma, tarumbeta na wapigaji wa parokia zetu



Dominika moja ya masika, baada ya Misa ya pili katika parokia iliyo kwenye miteremko ya Mlima Meru, mama mmoja alitufuata sakristia. Watoto wake wawili ni waimbaji wa Utoto Mtakatifu, na alikuwa ameweka akiba kidogo ya mauzo ya ndizi. “Baba,” alituuliza, “kati ya kinanda, gitaa na tarumbeta, kipi ni rahisi zaidi? Sitaki ninunue halafu mtoto aanze na kuacha.” Tulikuwa na haraka ya kwenda kigangoni, tukamjibu kwa neno moja: kinanda. Tulipokuwa njiani tukaanza kulitilia shaka jibu letu wenyewe, na makala haya ni jaribio la kumjibu upya, safari hii bila haraka.

Swali lake si dogo. Katika parokia nyingi tunazozifahamu mpiga kinanda ni mmoja tu. Akipata kazi Dodoma, au akiolewa upande wa pili wa nchi, kinanda hufunikwa kitambaa, na Dominika inayofuata kwaya huanza wimbo juu mno au chini mno, waamini nao hunyamaza mmoja baada ya mwingine. Chombo kimenunuliwa kwa michango ya jumuiya zote, lakini mtu wa kukipiga hakuandaliwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia, Sacrosanctum Concilium, ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza kwamba wanamuziki na waimbaji, hasa watoto, wapewe malezi ya kweli ya kiliturujia. Agizo hilo halitekelezwi na duka la vyombo vya muziki.

Kila ala ina ugumu wake, lakini ugumu huo haukai mahali pamoja. Ala nyingine humzuia mtu mlangoni. Nyingine humkaribisha kwa ukarimu, zikampa kiti na maji, kisha zikamfungia chumba cha ndani kwa miaka kumi.

Kinanda ni cha aina hii ya pili. Mtoto akibonyeza kitufe cha Do, hutoka Do safi, sawa kabisa na ile ambayo angeitoa mwalimu wake. Hahitaji kutafuta sauti kwa mdomo wala kwa sikio, kwani aliyetengeneza chombo amekwisha kumtafutia. Vinanda vingi vya umeme tulivyo navyo parokiani vina vitufe 61, yaani oktava tano, na ndani ya mwezi mmoja mtoto mwenye bidii huweza kupiga kwa mkono wa kulia sauti ya kwanza ya wimbo mwepesi. Wazazi hufurahi na kumrekodi kwa simu. Hapo ndipo tulipokuwa tumesimama tulipomjibu yule mama.

Kisha huja mkono wa kushoto. Nyimbo zetu zimeandikwa kwa sauti nne: mkono wa kulia hubeba soprano na alto, wa kushoto hubeba teno na besi, na kila sauti ina mwendo wake. Macho husoma mistari miwili ya noti kwa wakati mmoja, sikio huifuata kwaya, na jicho moja, kama lingewezekana, lingebaki altareni kumtazama padre. Waimbaji wetu wengi wamelelewa kwa solfa, herufi za do, re, mi zilizopangwa juu ya maneno. Kwa mwimbaji hiyo ni njia nzuri na ya haraka. Mpiga kinanda aliyeijua solfa tu, lakini, akiwekewa mbele noti za mistari mitano huwa kama msomaji aliyepewa hati za kigeni.

Tuseme pia juu ya kile kitufe cha transposi. Wengi wa wapigaji wetu hujifunza kila wimbo katika Do, na wimbo ukitakiwa juu zaidi hubonyeza kitufe, chombo kikapandisha kila kitu chenyewe. Hatukilaumu, maana kimeokoa Misa nyingi. Ila mtu anaweza kupiga hivyo kwa miaka minane bila kuzoeana na vitufe vyeusi, na siku atakapoketi mbele ya kinanda kisicho na kitufe hicho atajikuta mwanafunzi wa wiki ya pili. Kwa maoni yetu, mwalimu anayempenda mwanafunzi wake amfichie kitufe hicho kwa mwaka wa kwanza.

Kinanda cha mabomba, ambacho Mtaguso huohuo ulisema kiheshimiwe sana katika Kanisa la Kilatini, huongeza ugumu mwingine. Miguu nayo ina vitufe vyake vya kukanyaga. Kubonyeza kwa nguvu hakuongezi sauti, na kidole kikiinuka tu, sauti hukatika hapohapo. Basi ili wimbo utiririke, mpigaji hujifunza kubadilisha kidole kimoja kwa kingine juu ya kitufe kilekile kabla hajakiachia. Na juu ya hayo yote kuna sisi mapadre. Huanzisha prefasio kwa sauti tuliyoiokota hewani, tukaimalizia kwa nyingine, na mpigaji anatakiwa atukute mahali tulipo kabla ya “Mtakatifu” kuanza. Hakuna kitabu cha mazoezi kinachofundisha jambo hilo.

Wengi hudhani ngoma ndiyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa kila mwenye mkono anaweza kuipiga ikalia. Historia nayo haikuisaidia. Papa Pius wa Kumi, katika barua yake ya tarehe 22 Novemba 1903 juu ya muziki mtakatifu, alipiga marufuku piano kanisani, na pamoja nayo ngoma na ala nyingine zenye kishindo. Tunawakumbusha hilo wanaodhani piano ilikubalika tangu mwanzo na ngoma pekee ndiyo iliyozuiliwa. Baadaye mambo yalianza kugeuka. Mwaka 1958 Mfransisko Guido Haazen na waimbaji wake kutoka Kongo walirekodi Missa Luba kwa ngoma na mitindo ya nyimbo za huko. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, alitoa kitabu kizima kilichochunguza sheria ya Kanisa kuhusu muziki na namna inavyohusiana na muziki wa Kibantu. Mwaka huohuo Mtaguso uliruhusu ala nyingine ziingizwe katika ibada, kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa ya mahali, mradi zifae kwa matumizi matakatifu, ziendane na heshima ya hekalu, na ziwajenge waamini kweli.

Ngoma iliyoingia kwa mlango huo haistahili kupigwa ovyo. Katikati ya ngozi kuna sauti nzito, ukingoni kuna sauti kavu, na kiganja kilichokunjwa kidogo hutoa ya tatu. Kuzitenganisha sauti hizo wazi huchukua miezi. Kugumu zaidi ni kushika mwendo. Katika nyimbo zetu nyingi mpigo wa mbili na mpigo wa tatu hukaa pamoja: ngoma kubwa huhesabu mbili, ndogo humjibu kwa tatu, kayamba hupita kati yao. Anayeanza huvutwa na jirani yake, na baada ya ubeti mmoja wote wanapiga kitu kimoja, tena kwa kasi zaidi ya walivyoanza. Tumesikia “Utukufu” ulioanza kama maandamano ukaishia kama mbio za mwenge. Hapo nguvu za mikono hazimsaidii mtu. Na wenzetu wa miteremko ya Meru wanajua jambo moja zaidi: wakati wa masika ngozi hulegea kwa unyevu, na ngoma isiyoota moto kabla ya Misa hulia kama gunia.

Lakini tusidhani kila Mwafrika ni mtu wa ngoma. Ukitoka mjini kwenda Monduli, utawakuta Wamaasai, ambao muziki wao wa asili hauna ngoma. Chombo chao ni koo. Kiongozi wao, olaranyani, hutoa wimbo, na wengine humtegemeza kwa sauti nzito zinazorudiwa-rudiwa chini yake, kila kundi likiingia mahali pake. Kuna pembe ya tandala kwa siku za pekee, basi. Mkatekista anayepeleka ngoma huko akidhani anatamadunisha liturujia anawapelekea chombo cha ugenini, kama vile tu ambavyo angewapelekea kinanda. Na anayedhani kuimba kama wao ni rahisi kwa sababu hakuna cha kununua, ajaribu kushikilia ile sauti ya chini kwa dakika tano bila kupotea.

Tarumbeta ni mfano wa mlango mzito. Lina vali tatu tu, kwa hiyo kwa macho ni rahisi kuliko vitufe 61. Ila vidole hufanya sehemu ndogo ya kazi. Vali zikiwa zimebonyezwa vilevile, midomo inaweza kutoa sauti ya chini, ya kati au ya juu, kadiri inavyokazwa na pumzi inavyosukumwa. Wiki za kwanza hutoka mlio wa ndama. Misuli ya midomo hujengwa polepole, na robo saa kila siku inafaa kuliko saa tatu za Jumamosi. Asubuhi za Juni na Julai, baridi inaposhuka kutoka mlimani, tarumbeta huwa chini kidogo ya kinanda mpaka lipashwe kwa pumzi. Pamoja na hayo yote, ndugu zetu Walutheri wa Meru na Kilimanjaro wana desturi ya siku nyingi ya vikundi vya matarumbeta, na vijana wao wa kawaida hujifunza. Siri yao tunaiona wazi: mwanafunzi huketi katikati ya wenzake tangu mwanzo, akishika noti moja ndefu ya besi wakati wengine wanapiga wimbo. Kosa lake humezwa na kundi, na furaha ya kundi humrudisha wiki inayofuata. Ala ngumu imefanywa nyepesi na wenzake.

Gitaa liko katikati. Ncha za vidole huuma kwa wiki chache mpaka ngozi ikomae, na kuzilinganisha nyuzi sita ni mtihani wa kwanza. Baada ya hapo kodi tatu humwezesha kijana kusindikiza nyimbo nyingi za mikutano ya VIWAWA. Fidla ni jambo jingine kabisa: hakuna alama inayomwonyesha kidole mahali pa kukaa, na sikio ndilo hakimu pekee. Zeze la Wagogo lina ugumu wa namna hiyohiyo, ndiyo maana tunastaajabu jinsi marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alivyoweza kulipiga huku akiimba.

Tumebakiza ugumu mmoja, na huu tunausema kwa aibu. Katika parokia tuliyohudumu zamani, kijana wa miaka kumi na sita alikuwa ndiye mpiga kinanda wetu. Katika Mkesha wa Pasaka, kengele zikilia na kanisa likiwa limejaa mpaka nje, alipotea katika “Utukufu”. Vidole vilisimama. Kwaya ikaendelea bila yeye. Sisi tulimtazama kutoka altareni, na baada ya Misa tukamwambia maneno makali mbele ya wenzake, tukiyaita malezi. Hakurudi kwenye kinanda. Kilifunikwa kwa miaka miwili, na ndani ya miaka hiyo hakuna mzazi aliyemleta mtoto kujifunza, maana wote walikuwa wameona. Mpiga ngoma akikosea, kosa lake hupotea kati ya vigelegele. Mwimbaji wa alto akikosea, wanajua wawili. Mpiga kinanda hukosea peke yake, mbele ya mamia ya watu, na kosa lake hupita kwenye vipaza sauti. Tulipokuwa tukihesabu vitufe na miguu, huu hatukuuhesabu.

Kwa hiyo jibu letu kwa yule mama lilibadilika. Tulimshauri asinunue kinanda bado. Kwa mtoto wa miaka tisa filimbi ya plastiki inatosha: ina matundu saba mbele na moja nyuma, bei yake ni ndogo, haitegemei umeme, na humfundisha pumzi na kusoma noti. Akiisha kusoma noti, aketi pembeni ya mpiga kinanda wa parokia na kumfungulia kurasa. Wakati wa Kwaresima, Mwongozo wa Misale ya Kirumi unaruhusu ala za muziki kwa ajili ya kutegemeza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Huo ni msimu mzuri wa kumpa mwanafunzi mstari wa besi peke yake, bila madoido, mwalimu akishika sauti nyingine tatu. Atakayefika mbali hatakosa pa kuendelea: Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, hapo Usa River, kinafundisha muziki hadi shahada.

Tulikwenda nyumbani kwake kumweleza hayo, tukiwa na mpiga kinanda wetu, dada mwenye subira kuliko sisi. Mama alisikiliza, akauliza bei ya filimbi, akaenda kuzihesabu fedha zake. Mtoto mkubwa sasa hufungua kurasa kila Dominika katika Misa ya kwanza. Mdogo amekataa filimbi, anataka ngoma, na jioni hulifanyia mazoezi dumu la maji mpaka jirani atoke nje.