Fahamu: Kipi cha mahipi kingalipo Mtwara?

Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana, vita dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana. Mahipi wa Marekani, vijana wa miaka ya 1960 walioasi desturi za jamii yao hata kwa mavazi, wasingepona hapo.

Hoja yao ya kutunza mazingira, hata hivyo, ilisaidia kuchochea Siku ya Dunia ya kwanza, Aprili 22, 1970. Mtwara, hoja hiyo ni sheria: tangu 2000 matumbawe na mikoko ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma ni hifadhi ya bahari, pamoja na vijiji vya wavuvi.

Lakini mahipi walivikimbia viwanda. Wakazi wa Mtwara walioandamana 2013 kupinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam walivitaka: gesi ibaki na viwanda vijengwe kwao.