Je, Wajua? Taya Linapouma

Je, wajua kuwa maumivu unayoyasikia sikioni huenda yanatoka kwenye taya? Weka vidole mbele tu ya masikio, kisha fungua na ufunge mdomo. Hivyo vinavyocheza chini ya vidole ndivyo viungo viwili vya taya.

• Ndani ya kila kiungo mna kisahani cha gegedu. Kikihama mahali pake, taya hualika unapopiga mwayo. Mlio usio na maumivu kwa kawaida hauhitaji matibabu.

• Mdomo ukitulia, meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana. Anayeyauma kwa mawazo mchana, au kuyasaga usingizini, huichosha misuli ya taya na huweza kuamka na maumivu ya kichwa.

• Kutafuna miraa, miwa au chingamu kwa muda mrefu huzidisha maumivu.

Ufanyeje? Kwa siku kadhaa kula vyakula laini kama uji na viazi vya kupondwa. Kanda taya kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 15 hivi. Wengi hupata nafuu bila upasuaji.

Taya likikwama au uso ukivimba, mwone daktari. Na maumivu ya taya yakija pamoja na kubanwa kifua, jasho jembamba au kukosa pumzi, huenda ni mshtuko wa moyo. Usingoje kupambazuke: nenda hospitali mara moja.